Fuso 6D16 inapiga stata vizuri lakini haiwaki, fundi anataka kushusha pampu. Wajuvi tusaidiane

Binti Uwemba

Wakuu salaam. Nina Fuso Fighter ya injini 6D16, ile ya zamani yenye pampu ya kawaida, haina kompyuta. Imelala Makambako na mzigo wa viazi kutoka Njombe kuja Dar. Asubuhi dereva kapiga stata, injini inazunguka kwa nguvu zake zote, haishiki. Akapampu ile pampu ya mkono iliyo ubavuni mwa pampu kubwa, ikawaka, ikanguruma muda mfupi, ikazima yenyewe. Tangu hapo ni mchezo huo huo: anapampu, inawaka, inazima.

Wameita fundi wa hapo hapo. Kaingia chini ya gari, katoka kasema hakuna mahali panavuja hata tone, kwa hiyo pampu imekufa, ishushwe ipelekwe Mbeya kwenye mashine ya kupima pampu. Anataka laki sita kwa kuanzia, spea bado. Filta ya dizeli ilibadilishwa safari iliyopita. Mafuta yapo, geji inasoma chini kidogo ya nusu.

Mimi niko Dar, naongea na dereva kwa simu tu. Viazi viko chini ya turubai na jua la mchana mnalijua. Kabla sijatuma hela naomba mawazo.

Msukuma Gia

Pole dada. Ngoja waje wataalamu. Nakaa hapa na mimi, nina Canter yenye dalili zinazofanana.

Kamba Mkononi

Hiyo dawa yake ni spray ya kuwashia. Atoe mpira wa ea klina apulizie, au aweke tambara lenye petroli kidogo, itawaka bila kubembelezwa. Ikigoma atafute Scania iivute mpaka ishike.

Mzee wa Nozo

Kamba Mkononi, soma alichoandika mwenzio. Akipampu inawaka. Injini inayowaka kwa pampu ya mkono haina ugonjwa wa kuwaka, ina njaa. Ukiipulizia spray itaunguza spray, ikiisha inazima, umerudi ulipokuwa. Tena zile spray zina etha, na etha hulipuka mapema, pistoni ikiwa bado inapanda. Nimefungua injini zilizokatika ringi kwa mchezo huo. Kwenye injini yenye hita ya hewa au plagi za joto ndiyo usithubutu kabisa, moto unaweza kukurudia usoni. La petroli kwenye tambara sitaki hata kulijadili. Na kuvuta, gari isiyopata mafuta ukiivuta mpaka Mafinga itafika Mafinga imezima.

Dada, hela usitume kwanza. Kilichonishtua ni hayo maneno "hakuna panapovuja, kwa hiyo pampu imekufa". Muulize dereva mambo haya kisha urudi. Akipiga stata bila kupampu, ekzosi inatoa moshi au haitoi? Pampu ya mkono anaiona nyepesi, ngumu, au anaivuta halafu inakataa kurudi? Gari imeegeshwa sehemu tambarare au pua iko juu? Na amwambie mtu akae chini amwangalie wakati anageuza ufunguo: ule mkono wa kuzimia kwenye pampu kubwa unarudi upande wa kuwaka, au umebaki umelala upande wa kuzima?

Stata asipige zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Aipumzishe angalau dakika nzima kila mara, vinginevyo mtaongeza ugonjwa wa stata juu ya huu.

Binti Uwemba

Asante sana mzee wangu. Majibu ya dereva: moshi hakuna kabisa akipiga stata kavu. Akishapampu, stata ya kwanza inatoa moshi mweupe kidogo halafu inashika. Pampu ya mkono mwanzoni ni nyepesi, anasema kama anapampu hewa, baada ya mipigo mingi inaanza kuwa ngumu. Gari imeegeshwa kwenye kamwinuko, pua juu. Mkono wa kuzimia tandiboi ameuona unarudi vizuri, kamba yake iko sawa. Betri zote mbili ni mpya.

Mzee wa Nozo

Hapo sasa tunaongea. Huyo dereva wako ana macho, mtunze.

Nianze na moshi, maana ndio unaokuambia uende upande gani. Dizeli ikizungushwa na stata na ekzosi haitoi chochote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikitoa moshi mweupe mwingi na bado haishiki, mafuta yanafika ila hayaungui: kompresheni ndogo, majira ya pampu yamehama, maji kwenye dizeli, au stata inazunguka polepole mno. Huo wa pili ungekuwa uzi mwingine kabisa. Gari yako haitoi moshi, na mkono wa kuzimia uko huru, kwa hiyo tunatafuta mafuta yamepotelea wapi njiani.

Njia yenyewe: tangini kuna bomba linaloshuka mpaka karibu na sakafu ya tangi. Kutoka hapo mpira, halafu sedimenta (kikombe cha kutenga maji na uchafu) kama ipo, halafu fidi pampu, ambayo ndiyo hiyo yenye kitufe cha kupampu kwa mkono. Fidi pampu inapeleka kwenye filta, filta inapeleka pampu kubwa, pampu kubwa inagawa kwenye nozo 6, zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda, kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na yanayobaki yanarudi tangini kwa ritani.

Sasa kipande ambacho mafundi wengi wa barabarani hawakitilii maanani. Kutoka tangini mpaka fidi pampu mafuta yananyonywa. Kutoka fidi pampu kwenda mbele yanasukumwa. Upande wa kusukuma ukipata ufa, dizeli inatoka nje na utaiona chini. Upande wa kunyonya ukipata ufa, hewa ndiyo inayoingia ndani. Hakuna tone litakalodondoka. Ni kama mrija wa soda wenye tundu juu ya soda: unanyonya mpaka mashavu yanaingia ndani, chupa haipungui, na nje pakavu. Kwa hiyo fundi akiniambia chini pakavu na gari inachukua upepo, namjibu kwamba ukavu huo unaonyesha ugonjwa uko upande wa kunyonya, hauthibitishi kwamba pampu imekufa.

Kwa nini upepo kidogo tu unazima injini nzima? Nozo za aina hii zinafunguka shinikizo likifika karibu bar 200. Dizeli haibonyei, plenja (kipistoni kidogo ndani ya pampu kubwa) akisukuma kidogo tu shinikizo linapanda na nozo inapiga. Hewa inabonyea. Plenja anasukuma, kiputo kinajikunja, anarudi nyuma, kiputo kinajikunjua. Nozo haijui hata kama kuna mtu anabisha hodi.

Na ile pua juu: gari ikilala hivyo na kuna mahali panaingiza hewa, mafuta yaliyo kwenye mpira yanarudi yenyewe tangini usiku kucha. Ndiyo maana jana imezimwa salama, leo haiwaki.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Ainue kebini, alegeze skrubu ya kutolea upepo juu ya filta, apampu kwa mkono. Povu litatoka. Mfumo mzima ukiwa mzima, povu linakwisha na dizeli safi inatiririka. Povu likiendelea bila mwisho, hewa inaingia nyuma ya fidi pampu. Hapo asifungue kitu kingine, aniambie kwanza.

Injinia wa Vingunguti

Mzee umeeleza vizuri, ila usisahau valvu ya ritani kwenye pampu kubwa. Springi yake ikichoka, mafuta hayakai ndani ya pampu, yanarudi tangini moja kwa moja. Gari inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, dalili hizo hizo. Nimezibadilisha nyingi kwenye Fuso na kwenye Howo 371.

Mzee wa Nozo

Injinia uko sahihi, na iko kwenye orodha yangu. Ila valvu ya ritani haizai povu lisilokwisha kwenye filta. Na kipimo kinachofuata kitaisema yenyewe. Tusubiri.

Mlipa Tozo

Wakuu mnazunguka, mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa. Mtu anajaza mafuta ya taa humo, unategemea nini?

Mzee wa Nozo

Mlipa Tozo, kuchakachua kupo tangu zamani, ndiyo maana EWURA, wasimamizi wa nishati wa Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei na dizeli isimvutie mtu. Ila tusichanganye magonjwa. Mafuta ya taa ndani ya dizeli yanaua pampu polepole, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha plenja na mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi. Hayazimi gari asubuhi moja kwa ghafla namna hii.

Kinachozima ghafla ni maji. Kuyapima ni rahisi: fungua plagi ya chini ya filta au sedimenta, kinga kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mpaka wao utauona kwa macho. Dereva wa Fuso hii akifika kwenye filta akinge hiyo chupa pia, haimpunguzii kitu.

Mwana wa Changamwe

Huku Kenya nako serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, sababu ni hiyo hiyo. Lakini mimi swali langu ni lingine. Niko na lori la Isuzu FRR mpya hapa Mombasa, ni komonreli, ile ya kompyuta ambayo injekta zote zinalishwa na reli moja ya shinikizo. Inazunguka, haishiki, taa ya injini inawaka. Makanika ananiambia injekta zote zimekufa. Hivi vipimo vya mzee vinafanya kazi kwangu?

Mzee wa Nozo

Changamwe, nusu vinafanya, nusu vitakuua. Upande wa kunyonya ni ule ule, gari nyingi za komonreli bado zinanyonya mafuta kutoka tangini kwa pampu iliyo kwenye injini, kwa hiyo upepo, mpira uliopasuka na filta iliyoziba vinakuhusu kabisa.

Lakini kuanzia pampu kubwa kwenda mbele, spana isiguse. Sisi wa pampu za zamani tumezoea kulegeza nati ya bomba la nozo, namba 17 kwa nyingi, tunapiga stata tunaangalia kama dizeli inaruka. Kwenye komonreli shinikizo injini ikiwa inafanya kazi linaweza kuvuka bar 1,600, na mchirizi mwembamba kuliko unywele unapenya ngozi ukaingia kwenye nyama bila wewe kusikia maumivu makubwa mwanzoni. Kidole kinaonekana kina alama ndogo tu, kumbe ndani kinaoza. Ikimtokea mtu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na awaambie ni dizeli ya shinikizo, inahitaji upasuaji, isisubiri mpaka kesho.

Kwako mwambie makanika aunganishe mashine ya kusoma, aangalie shinikizo la reli wakati wa stata. Kompyuta hairuhusu injekta kufunguka mpaka reli ifike kama bar 200 au 300, inategemea gari. Lisipofika, sababu zinaweza kuwa upepo, filta, ile valvu inayopima mafuta kuingia kwenye pampu, valvu ya usalama ya reli inayovujisha, au injekta zinazorudisha mafuta mengi kwenye ritani. Hilo la mwisho linapimwa kwa chupa: kila injekta ritani yake kwenye chupa yake, unapiga stata, unalinganisha. Ile inayojaza haraka kuliko wenzake ndiyo mwizi. Akikwambia zote zimekufa bila kukuonyesha chupa, tafuta makanika mwingine.

Mwana wa Changamwe

Shukrani sana mzee. Mashine ameileta ila alisoma kodi za hitilafu tu akafunga. Narudi kwake na hizi chupa.

Binti Uwemba

Mrejesho. Dereva amepampu skrubu ikiwa wazi, tandiboi ameshika tochi. Povu haliishi. Linapungua, linatoka dizeli safi kidogo, halafu povu linarudi tena. Chupa ya maji ameikinga, dizeli ni safi, hakuna mpaka wowote chini.

Fundi wa kule amekasirika kidogo, anasema mafundi wa mtandaoni wanamkosesha riziki.

Mzee wa Nozo

Mpe pole yake, na mwambie riziki yake ipo, kazi bado haijaisha na ni yeye ataifanya kwa mkono wake.

Sasa kipimo cha dumu. Anahitaji dumu safi la lita 10 au 20, lisiwe lililobeba maji wala mafuta ya kula, na mpira mzima wa dizeli wa kutosha. Afungue mpira unaoingia kwenye fidi pampu. Kwenye mdomo huo, ndani ya bolti yenye tundu, magari mengi yana chujio dogo la waya. Alichomoe aliangalie, maana watu wanabadilisha filta kubwa kila safari na hili dogo hawalijui, linajaa kutu na nyuzi za tambara. Alisafishe, alirudishe, afunge mpira wa dumu pale kwa washa (pete) mpya za shaba. Kama mpya hakuna, azichome za zamani mpaka ziwe nyekundu, azipoze, zitakuwa laini na kuziba. Asiweke tepu nyeupe ya mabomba ya maji, vipande vyake vitakwenda kukaa kwenye valvu za fidi pampu.

Dumu alifunge juu kwanza, juu kuliko pampu, ili mafuta yashuke yenyewe. Atoe upepo, awashe. Ikikaa, aikanyage mafuta aone inapanda bila kusita. Halafu ashushe dumu mpaka usawa wa tangi, injini ikiwa inaendelea. Watu wanasahau hatua hii. Dumu likiwa juu unaikwepa fidi pampu. Likiwa chini unailazimisha ivute. Ikizima dumu liliposhuka, fidi pampu au valvu zake ndio wagonjwa. Injinia wa Vingunguti, valvu yako ya ritani nayo ikiwa mbovu itajionyesha hapa, akikanyaga injini italegea hata dumu likiwa limejaa.

Sigara mbali, na asiache mpira ukagusa ekzosi.

Injinia wa Vingunguti

Kipimo safi. Nangoja.

Kamba Mkononi

Na mimi nangoja, ila Scania iko tayari hahaha.

Binti Uwemba

Jamani! Imewaka. Dumu juu, imekaa. Dumu chini, imekaa. Dereva anasema ameikanyaga mpaka watu wa stendi wamegeuka. Chujio dogo lilikuwa na uchafu kidogo ila halikuwa limeziba. Kwa hiyo pampu ni nzima?

Mzee wa Nozo

Pampu nzima, fidi pampu nzima, filta nzima, nozo nzima, valvu ya Injinia nzima. Laki sita yako imebaki mfukoni.

Kwa sasa hewa inaingilia kati ya tangi na mdomo wa fidi pampu. Kata njia katikati. Arudishe mpira wa gari kwenye fidi pampu kama ulivyokuwa, halafu aufungue upande wa tangini na kuuchovya ndani ya dumu. Ikizima, mwizi ni mpira, klipu zake au sedimenta. Ikikaa, mwizi yuko tangini.

Halafu nijibu swali ambalo ningepaswa kupata jibu lake kabla ya yote, ila wenye magari huwa hawalihesabu kama dalili: siku za karibuni gari ikiwa imejaa tangi, imewahi kukufanyia hivi?

Binti Uwemba

Nimempigia dereva. Amenyamaza kwanza halafu akacheka. Anasema tukijaza Chalinze gari haina shida mpaka tunaingia mkoa wa Iringa. Inaanza visirani kuanzia huko kwenda mbele, kupanda Kitonga iliwahi kukosa nguvu akadhani ni mzigo. Alikuwa anasema ni mafuta ya kule hayampendi.

Na kipimo: mpira wa gari kwenye dumu, imekaa. Haizimi.

Injinia wa Vingunguti

Bomba la ndani ya tangi. Nimevua kofia.

Mzee wa Nozo

Ndilo. Bomba la kunyonya lina ufa au tundu la kutu juu, karibu na pale linapounganishwa na mfuniko wake. Tangi likijaa, tundu limezama kwenye dizeli, linanyonya dizeli kama kawaida. Mafuta yakishuka chini ya tundu, linanyonya hewa pamoja na mafuta. Mafuta ya Iringa hayana kosa.

Kuna jambo moja la kuliondoa kwanza, kipumulio cha tangi. Kikiziba, tangi linajivuta ndani na injini inakosa mafuta vile vile. Afungue kifuniko cha tangi: akisikia hewa inaingia kwa nguvu, ndicho. Ila kipumulio hakileti povu, kwa hiyo sikishuku sana.

Sasa dada, una viazi. Huna haja ya kulala Makambako. Mwambie dereva ajaze tangi mpaka shingoni, atoe upepo wote kwenye filta na kwenye pampu, aondoke. Njiani asiruhusu geji ishuke chini ya robo tatu. Akikaribia hapo aongeze. Mafuta hayo ungeyanunua hata hivyo. Ukishapakua Dar, bomba litolewe kwa nafasi.

Fundi wa pale alipwe kwa kazi aliyofanya leo. Amefungua na kufunga mara nyingi, siyo haki aondoke mikono mitupu.

Binti Uwemba

Amelipwa na ameridhika, amemwomba dereva namba yangu eti siku nyingine nisipitie mtandaoni. Tangi limejaa. Gari imewaka kwa stata moja na imeondoka.

Mwana wa Changamwe

Hii nimeipenda. Lakini mzee, ni lini basi pampu yenyewe ndiyo huwa na makosa? Maana huku kila makanika anaanza na pampu.

Mzee wa Nozo

Swali zuri. Pampu iliyochoka mara nyingi inakuaga polepole. Gari inawaka asubuhi ikiwa baridi, ila ukiizima ikiwa ya moto kwenye mizani au kwa mama ntilie, haitaki tena mpaka ipoe. Sababu ni kwamba dizeli ya moto ni nyepesi, inapita pembeni mwa plenja aliyelika badala ya kusukumwa mbele. Pampu za rotari, zile za duara zenye plenja mmoja anayegawia silinda zote, zinaonyesha hili zaidi. Mafundi wanazimwagia maji ya baridi, inawaka, wanashangiliwa. Msimwage maji kwenye pampu ya moto, chuma kikisinyaa ghafla inaweza kunata moja kwa moja. Tambara bichi linatosha kukupa jibu.

Dalili nyingine: mafuta hayana hewa hata chembe, mkono wa kuzimia uko huru, umelegeza nati za nozo moja moja, na dizeli inachuruzika kwa unyonge badala ya kuruka. Hapo shusha, peleka kwenye mashine, sitakuzuia. Nozo moja tu ikiwa ndiyo haipigi na nyingine zinapiga, gari ingewaka ikiwa inatetemeka, isingegoma kabisa.

Binti Uwemba

Wakuu, nimerudi. Viazi vimefika vizuri, vimeuzwa. Bomba limetolewa leo. Dereva aliziba mdomo mmoja kwa kidole, akalizamisha kwenye ndoo ya maji na kupuliza upande wa pili. Viputo vilitoka pale pale mzee aliposema, shingoni, chini kidogo ya mfuniko. Ufa wenyewe hauonekani kwa macho mpaka ulikunje kidogo. Na juu yake kulikuwa na mabaki ya sabuni ya kipande! Inaonekana mwenye gari wa kwanza aliujua.

Fundi wa hapa anasema atauchomelea. Ni sawa?

Mzee wa Nozo

Sabuni inaziba tangi linalovuja kwa nje, na hiyo imewafikisha madereva wengi nyumbani. Upande wa kunyonya sabuni inavutwa ndani na kwenda kwenye chujio dogo. Sasa unajua ule uchafu ulikuwa nini.

Kuchomelea sawa, kwa gesi na shaba, siyo arki, bomba lile ni jembamba arki italila. Bomba liwe benchi, mbali na tangi, limeoshwa na kukaushwa. Tangi lifunikwe kwa tambara safi na mtu yeyote asilete moto karibu nalo hata kama limepungua mafuta. Tangi lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Likishachomelewa, rudia ndoo na kupuliza kabla ya kufunga, na gasketi ya mfuniko iwe mpya. Ukipata bomba zima la kununua, hilo ni bora zaidi.

Msukuma Gia

Mzee, nami nimefanya kipimo cha dumu kwenye Canter yangu. Dumu juu, povu limekwisha kabisa kwenye filta, dizeli safi. Bado haiwaki, na moshi hakuna.

Mzee wa Nozo

Basi yako siyo upepo, usiguse tangi. Angalia injini inazimwa kwa kitu gani: mota, solenoidi au kamba. Kama ni ya umeme, washa swichi bila kupiga stata, pima kama umeme unafika kwenye waya wake, na umwombe mtu aangalie kama mkono unatoka kwenye kuzima. Anza na fyuzi. Halafu, kama siyo komonreli, legeza nati ya nozo namba moja, piga stata, niambie dizeli inaruka, inachuruzika au pakavu.